Mbegu Nane za Dodoki

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Padri kasema kila mtu aache kitu kimoja kwa siku arobaini. Wengine wameacha nyama, wengine bia. Chiku, fundi mwenzangu pale Mchikichini tunapopunguza nguo za mitumba, yeye anajiandaa na Ramadhani yake lakini kanisaidia kuchagua: "Hyasinta, wewe acha kugomba. Tuone kama utafika Jumapili."

Haya, nimeacha kugomba. Na kwa kuwa maneno lazima yatokee mahali, yatatokea humu, kwenye daftari la vipimo, baada ya viuno na mapaja ya watu.

Habari ya leo ni hii: Jovitha mwanangu ana mimba. Sikuambiwa na yeye. Kaniambia Beno mumewe, kwa ujumbe wa simu wa maneno manne: "Mama, Jovitha mjamzito, tuombee." Nikampigia, akaongeza kwamba wanategemea mwisho wa Julai, basi, akakata. Mimi na Jovitha hatujaongea miezi kumi na saba. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba siku akizaa nisikanyage Kigamboni kwenda kumkanda. Mtoto wa kike kumwambia mama aliyemzaa asije kumkanda! Afadhali angenizaba kofi.

Sasa kwetu mzazi hakandwi hivihivi. Ukishamkanda kwa maji ya moto unamwogesha kwa dodoki jipya, na dodoki hilo halinunuliwi. Mama wa mzazi ndiye analipanda, analiacha likaukie pale pale kwenye mmea wake, analimenya kwa mkono wake. Mama yangu alinipandia mimi kule Mbinga, mwaka niliomzaa huyo huyo Jovitha. Alipofariki miaka mitatu iliyopita niliachiwa mbegu zake kwenye kipande cha kanga. Zilikuwa nane. Jioni hii nimezipanda zote uani, kando ya ukuta.

Sijaitwa. Nimepanda hivyo hivyo.

Ijumaa, 27 Februari

Hakuna kilichoota. Nimefukua moja kuangalia, nikaikuta imeanza kupasuka kutoa mzizi, nao nimeukata kwa ukucha. Kiherehere changu. Zimebaki saba.

Jumanne, 3 Machi

Miche mitatu imeota! Mitatu tu.

Jumapili, 8 Machi

Chumba changu kiko nyuma kabisa ya nyumba yetu ya zamani, Gerezani, na ukuta wa uani umeshikana na jengo la ghorofa moja la Wahindi. Juu pale anaishi Mama Nirav, jina lake Indumati, na mzee wake Umakant aliyekuwa akiuza vitambaa, na mjukuu wao Krina anayesoma chuo. Miaka tisa tumekuwa majirani wa "habari za asubuhi" na "nzuri". Leo mama huyo kainama kwenye nondo za roshani yake.

"Mama Jovitha, hiyo miche ya nini?"

"Dodoki."

"Aa, naijua! Sisi tunapika. Mboga nzuri sana ikiwa changa."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mtu apike dodoki la kuogea! Nikamwambia kwetu ukitaka mboga unachuma majani ya maboga. Naye akacheka, akaingia ndani.

Jovitha hajapiga.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua tangu jana saa tisa mchana. Uani maji ya mtaro yamepanda mpaka kwenye ngazi ya choo. Mche mmoja umekwenda na maji, sikuuona tena. Wa pili nimeukuta asubuhi umebaki kijiti, na konokono mkubwa kama ngumi amekaa pembeni yake, ameshiba. Huyo nimemrusha juu ya bati la jirani. Kugomba nimeacha, kurusha sikuahidi.

Umebaki mmoja. Nimeuzungushia ndoo iliyotoboka chini. Leo nimekwenda kuuangalia mara kumi na moja, nimeloa mpaka nguo za ndani.

Chiku anasema, "Si ukanunue? Kariakoo madodoki yamejaa, unachagua na saizi." Sikumjibu, kwa sababu ya Kwaresima.

Jumapili, 22 Machi

Mvua.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Jovitha hajapiga.

Jumatano, 1 Aprili

Lile ghorofa jipya linalojengwa upande wa pili limefika ghorofa ya nane. Kwangu jua linafika saa mbili, saa nne limeondoka. Mmea nao hauna ujinga: umepanda ukuta, umeshika bomba la maji, jana umefika kwenye nondo za Mama Nirav, ambako jua linakaa mpaka alasiri. Nimepanda juu ya ndoo nikaufungua vidole vyake kimoja kimoja nikaurudisha kwangu. Asubuhi hii umeshavuka tena.

Mzee Umakant alikuwa anakunywa chai pale juu. Nikamwamkia. "Marahaba. Uache tu, Mama Jovitha," kasema. "Kwako hakuna jua. Utauzuia hadi lini?"

Nimeuacha. Lakini moyo haujatulia. Kitu cha mama yangu kimelala kwenye nyumba ya watu.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Kanisani. Nimelia kuliko ilivyohitajika.

Pasaka, 5 Aprili

Nimefika! Kugomba ruksa. Nimeanza na mwenye mkokoteni aliyeegesha mlangoni kwetu. Roho imeburudika kidogo.

Alhamisi, 16 Aprili

Maua wiki nzima, ya njano, makubwa, mazuri, na yote yanaanguka. Hata tunda moja. Nahesabu kwa vidole: yakianza kuzaa Mei, yatakauka Julai mwishoni, na Jovitha ni Julai mwishoni. Hakuna siku ya kupoteza hata moja.

Leo Krina kaniita toka juu. "Shikamoo mama. Bibi anasema hapa mjini nyuki hakuna, ndiyo maana. Anasema panda juu akuonyeshe."

Nimelima tangu nina miaka sita, leo nifundishwe kulima na mtu wa ghorofani. Nimepanda nimenuna. Mama Nirav kachuma ua moja, kanigeuzia. "Hili dume, halina kitu nyuma. Lile jike, umeona? Lina kitoto kimekaa chini ya ua. Sasa chukua dume, mguse jike. Polepole, asubuhi, kabla jua halijakausha." Akafanya. Vidole vyake vina ugonjwa wa viungo, vimepinda, lakini havikutetemeka. Kumbe alikuwa akilima mapipa matano ya mboga kwenye paa, kabla magoti hayajamkataa.

Nikajiona mjinga. Mbinga tulikuwa na nyuki, nani alihangaika na mambo haya? Nimeshukuru kwa sauti ndogo, sijui kama alisikia.

Jumamosi, 25 Aprili

Matatu! Matatu yameshika! Yote matatu upande wake wa nondo, lakini yameshika!

Jumamosi, 2 Mei

Yanakua usiku kucha mpaka unaona tofauti asubuhi. Lile kubwa limefika kutoka kiganja changu mpaka kwenye kiwiko.

Kwa furaha nimempigia Beno. Nikamuuliza hali ya mama kijacho, kasema nzuri, miguu inavimba tu. Nikauliza kwa mzunguko, nani atakuja kumkanda. Akajibu: "Mama, nisamehe. Jovitha amemwomba mama yangu aje kutoka Iringa."

Nimekata simu nikamshonea mteja suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama Beno! Mtu mwema, simkatai, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye hakumzaa Jovitha.

Jumatano, 6 Mei

Mjomba Vitalis amefariki Mbinga. Ndiye aliyebaki wa tumbo moja na mama yangu, lazima niende. Basi ni alfajiri ya kesho. Nimepanda kwa Mama Nirav nimemwambia, "Dada yangu, nitunzie madodoki yangu. Nitachelewa siku nane."

Kanishika mikono yote miwili. "Pole sana. Nenda ukazike. Madodoki nitayatazama kama ya kwangu mwenyewe."

Ijumaa, 15 Mei

Naandika sijavua hata viatu.

Nimeshuka kwenye basi asubuhi, miguu imevimba, nikafika uani na begi bado begani, nikaangalia juu. Nondo zimebaki na majani. Nikasogea, nikahamia upande mwingine, nikapanda juu ya ndoo. Hakuna moja, hakuna mawili, hakuna matatu. Vikonyo vimekatwa kwa kisu, safi.

Nilidhani wezi. Naapa nilidhani wezi. Sijamaliza kuwaza, mlango unagongwa: Mama Nirav mwenyewe, na magoti yake yale ameshuka ngazi, kabeba bakuli la chuma lenye mfuniko, na Krina nyuma yake na chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Anang'aa uso.

"Pole na safari, pole na msiba. Najua hujala kitu cha moto. Nimeyawahi, Mama Jovitha! Yalikuwa yanaanza kuwa magumu. Siku mbili zaidi yangekuwa ya kutupa. Moja tulikula juzi, haya mawili nimekuwekea wewe."

Akafunua. Vipande vya kijani, vitunguu, bizari, kotimiri juu. Harufu nzuri, Mungu anisamehe, harufu nzuri kabisa. Dodoki la mama yangu ndani ya bizari.

Nilianza kwa sauti ya chini. Nikamuuliza kama ana akili. Nikamwambia hayo yalikuwa ya kukauka, ya kumkandia mwanangu, mbegu za marehemu mama, hakuna nyingine duniani. Uso wake ukaporomoka. Kasema, "Mimi sikujua. Mama Jovitha, sikujua, ungesema..." na hilo neno "ungesema" ndilo lililonitoa kamba. Nilipayuka wapangaji wote wakatoka. Nikasema watu wa ghorofani wanajua kula tu cha wenzao. Halafu nikasema, na hapa nayaandika yote, nisije kujidanganya kesho, nikasema: "Ndiyo maana hata mwanao Nirav kakukimbia. Angekuwa na mama wa maana angekuja hata kukuangalia."

Mpangaji mmoja akarudi ndani akafunga mlango. Hata vijana wanaobeba mizigo huko nje walisimama kuchungulia.

Mama Nirav aliweka bakuli chini kwenye ngazi, taratibu, kama vile lina mtoto amelala. Krina akamshika mkono wakapanda. Nilizisikia hatua zake ngazi nzima, moja, anapumzika, moja, anapumzika.

Jumamosi, 16 Mei

Sikwenda kazini. Bakuli bado liko kwenye ngazi, tangu jana hakuna aliyeligusa, hata paka.

Nimefungua daftari hili nitafute mahali pa kumlaumu, nikakutana na ukurasa wa tarehe nane Machi. "Sisi tunapika. Mboga nzuri sana ikiwa changa." Nimeuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Aliniambia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na siku ya kuondoka nikamkabidhi madodoki bila kumwambia neno moja juu ya kukausha, kwa sababu kwangu mimi dodoki ni la kukauka na mtu yeyote mwenye akili anajua hivyo. Yeye kayatunza kama ya kwake mwenyewe. Ndivyo alivyoahidi.

Na kuna jingine. Kwenye daftari hili lote nimeandika alichoniambia Jovitha. Nilichomwambia mimi sijaandika. Sasa naandika.

Mimba yake ya kwanza ilitoka ya miezi saba. Nilifika wodini wamekwishamchukua mtoto. Jovitha kalala kageukia ukuta. Daktari alishatueleza nje, mimi na Beno, kwamba kitovu kilimzunguka mtoto, hakuna wa kulaumiwa. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikaingia ndani nikamwambia mwanangu: "Si nilikukataza kupanda bodaboda? Haya, umemuua mwenyewe."

Hapo ndipo akasema nisije kumkanda.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, tuliimbishwa shuleni na tukapiga makofi. Mimi nimejikwaa mara mbili, na mara zote mbili ulimi umeangukia penye kidonda cha mtu.

Jumapili, 17 Mei

Nimekula lile bakuli. Nilipasha moto nikala lote, nikilia. Lilikuwa limeanza kuchacha, na bado lilikuwa tamu.

Jumanne, 19 Mei

Asubuhi naosha uso bombani, Krina kaniita toka juu. Hakusema shikamoo, na ana haki.

"Bibi kasema nikuambie, kuna moja halikuonekana. Liko nyuma ya tanki letu la maji. Limejificha kwenye majani."

"Yeye mwenyewe kasema uniambie?"

"Ndiyo. Mimi nilimwambia asikuambie." Akaingia ndani.

Jumatano, 20 Mei

Ngazi za kwa Mama Nirav ni ishirini na mbili. Nimezipanda leo na bakuli lake nimelisugua kwa majivu mpaka linaonyesha sura. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Mlango ulipofunguliwa ikayeyuka yote.

Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha. Sina la kuongeza." Mimi Hyasinta, miaka hamsini na sita, sikumbuki kama niliwahi kusema hivyo kwa mtu asiye padri.

Alinikaribisha. Alinitengea chai ya tangawizi, nikaishika mpaka ikapoa. Halafu kaniambia, "Kwetu likiachwa likakomaa, watu wanasema mama wa nyumba hii mvivu. Nilikuwa nakimbizana nayo. Kila asubuhi nabonyeza, nasema, Mama Jovitha atarudi atanilaumu nimeyaacha yakaharibika."

Nikaficha uso.

"Hilo la Nirav," kasema, "ni kweli. Miaka sita hajaja. Lakini halikuwa lako kulisema."

"Halikuwa langu."

"Basi. Limekwisha." Kisha akauliza kwa nini dodoki moja limeniondoa akili vile. Nikamwambia yote, bodaboda na wodi na ukuta. Sikumwambia hata Chiku. Alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai nyingine.

"Na huko Kigamboni umekwenda lini kusema haya uliyoniambia mimi?"

Nikamwambia nasubiri dodoki likauke, siwezi kwenda mikono mitupu. Alininyanyua twende tukalione. Limelala nyuma ya tanki, fupi, nene, kijani kibichi, lina wiki mbili tu.

Jumatatu, 1 Juni

Mvua za mwisho hizi, za manyunyu, mbaya kuliko za mafuriko, maana ukuta haukauki na dodoki linagusa ukuta. Mama Nirav kachana ukanda wa sari kuukuu, ya rangi ya zambarau, kalifungia kwenye nondo likaning'inia hewani. Sasa tunalichunga wawili. Mimi saa kumi na mbili asubuhi, yeye mchana kutwa.

Jumatano, 10 Juni

Kijani.

Jumamosi, 20 Juni

Kijani. Zito kama jiwe. Nimelibonyeza nikagombezwa: "Acha kulishikashika! Utalitia alama!" Nimegombezwa mimi, na nimeacha.

Jovitha hajapiga. Nami sijampiga, niandike na hilo.

Jumatano, 1 Julai

Ubavuni kuna njano kidogo. Krina anasema nimeiota. Amerudi kuniamkia, lakini shikamoo yake bado ina baridi.

Jumanne, 7 Julai, Saba Saba

Sikukuu, hakuna kazi, nimezunguka kutoka chumbani hadi uani mpaka mpangaji mwenzangu kaniuliza kama nimepoteza kitu. Njano ipo. Wiki tatu tu. Likae wiki tatu, na mtoto akae wiki tatu.

Alhamisi, 9 Julai

Hakukaa.

Beno kapiga saa nne asubuhi, nikiwa Mchikichini na pini mdomoni. "Mama, Jovitha amejifungua alfajiri. Mtoto wa kike, mdogo lakini mzima. Wote wazima." Pini nilizitema zote. Nikauliza wako wapi. Kesho asubuhi wanaruhusiwa kurudi nyumbani, mama yake kashafika kutoka Iringa. Nikasubiri aseme "njoo". Hakusema. Wala hakusema nisije.

Nimekimbia mpaka nyumbani, nikapanda ngazi zote ishirini na mbili bila kupumua, nikamwambia Mama Nirav alete kisu. Alikileta. Tukasimama mbele ya dodoki. Njano nusu, kijani nusu. Nikilikata sasa uzi wake ni laini, utaoza kwa wiki moja. Mbegu ndani ni nyeupe, haziwezi kuota. Ndiyo mwisho wa mbegu za mama yangu. Nikiliacha, nakwenda kwa mwanangu na vidole vyangu kumi tu.

"Nikate?" nikamuuliza.

"Dodoki ni lako," kasema. "Lakini mwanao hajakuambia ulete dodoki. Wala hakukukataza kwa ajili ya dodoki."

Nilisimama pale mpaka jua likahama kwenye nondo. Nikamrudishia kisu chake.

Ijumaa, 10 Julai

Nimevuka na pantoni ya saa mbili. Mama Nirav alinifungia unga wa tangawizi na samli, "ya mzazi, achanganye na uji." Hilo ndilo nililobeba.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Beno alikuwa ameinama sebuleni na beseni na birika linafuka moshi. Aliniona, akasimama wima na kitambaa mkononi, hakujua aseme karibu au asiseme. Chumbani Beno kasimama dirishani, na kitandani Jovitha kakaa na mgongo ukutani, kakonda uso, na kwenye kanga pembeni yake kitu kidogo chenye nywele nyingi.

Nilijua nikikaa chini nitaanza kuzungumzia barabara na foleni. Nikasema nikiwa mlangoni, begi mkononi, mbele ya mkwe wangu na mama yake.

"Jovitha, kule wodini nilikuambia umemuua mtoto. Ilikuwa uongo. Daktari alishaniambia si kosa la mtu, nilimsikia, nikaja kukuambia vile. Nilikuwa na uchungu nikakutupia wewe, na wewe ndiye uliyekuwa na uchungu mkubwa kuliko wote. Nisamehe, mwanangu."

Hakunitazama. Alimtazama mtoto muda mrefu. Beno alitoka nje.

"Dodoki uko nalo?" kauliza.

"Sina. Limebaki moja, halijakauka. La mbegu za bibi yako."

"Ulipanda lini?"

"Jumatano ya Majivu."

Nikamwona anahesabu. "Mimi nilikuwa nimeshakukataza."

"Ndiyo."

"Ukapanda hivyo hivyo."

"Ndiyo."

Machozi yakamshuka bila sauti, yakaangukia kwenye kanga ya mtoto, na yangu nayo sikuyazuia. Mama Beno, Mungu ambariki mwanamke yule, alikuja akaning'iniza kile kitambaa begani kwangu, akachukua mtoto, akatoka zake.

Tukabaki wawili. Birika linafuka. Mimi bado nimesimama, sijui niingie au nirudi Gerezani.

"Mama," kasema Jovitha, "maji yanapoa."

Nikakunja mikono ya gauni.

Jumanne, 18 Agosti

Arobaini imepita salama. Dodoki lilikauka tarehe mbili, likawa kahawia, jepesi, ukilitikisa linalia. Mama Nirav ndiye aliyelikata, nilimwomba yeye. Nililimenya nikalipeleka Kigamboni na ndilo waliloogea siku zote hizi, mama na mtoto.

Leo nimezihesabu mbegu, nyeusi, ngumu: hamsini na tatu. Ishirini nimempelekea Mama Nirav. Atayala machanga, shauri yake, na bakuli langu nimeshamwachia. Krina kaniamkia vizuri.

Jioni nikampigia Jovitha nimwambie hesabu. Sauti ya mtoto analia nyuma, naye anamtuliza huku anaongea nami.

"Nifungie nane, Mama," kasema. "Huyu naye ipo siku atazaa."

Nimezifunga nane, kwenye kipande kile kile cha kanga.